Jamiroquai na Emergency on Planet Earth

Emergency on Planet Earth ni albamu ya kwanza ya Jamiroquai, bendi ya fanki iliyoundwa London mwaka 1992. Ilitoka tarehe 14 Juni 1993 kupitia Sony Soho Square, lebo iliyokuwa chini ya kampuni ya Sony nchini Uingereza, ikaingia moja kwa moja katika nafasi ya 1 ya chati ya albamu za nchi hiyo na kukaa hapo wiki 3. Nyimbo zake ni 10 na zinachukua takriban dakika 55. Jina lenyewe ni mbiu ya mgambo: sayari ya Dunia imefikwa na dharura. Hata hivyo, mtu anayeisikia mara ya kwanza bila kufuatilia maneno anaweza kudhani amealikwa harusini. Besi inaruka, tarumbeta zinashangilia, na mwimbaji anachezea sauti kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Onyo zito limefungwa ndani ya ngoma ya kuchezwa, na ubishi mwingi uliozuka kuhusu albamu hii, tangu ilipotoka hadi leo, umetokana na hilo.

Fanki ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1960, mikononi mwa James Brown na wapigaji wake, na Waingereza wakaidaka mapema. Average White Band, vijana wa Scotland, waliupandisha wimbo wao Pick Up the Pieces hadi nafasi ya 1 nchini Marekani mwanzoni mwa 1975, yaani waliwauzia fanki wenye fanki yao. Heatwave, Light of the World na Level 42 wakafuata njia hiyo, kila bendi kwa mwendo wake. Kisha miaka ya 1980 ikaleta mashine za kupiga ngoma na vinanda vya elektroniki vya bei nafuu, na bendi kubwa yenye wapuliza tarumbeta ikageuka gharama isiyo na sababu. Kazi ya watu 8 ilifanywa na kijana mmoja chumbani kwake.

Walioutunza muziki wa zamani ni ma-DJ. London ya katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na kundi la wachimbaji wa santuri, watu waliokuwa tayari kupekua maduka ya mitumba siku nzima kutafuta fanki na soul ya Kimarekani ya miaka ya 1970 ambayo kwao Marekani ilikuwa imeshasahauliwa. Norman Jay alizipiga santuri hizo kwenye Kiss FM wakati kituo hicho kilikuwa bado kinarusha matangazo bila leseni. Gilles Peterson alifanya hivyo hivyo kila Jumapili mchana katika ukumbi wa Dingwalls, Camden, ambako umati ulicheza jazi kama wengine wanavyocheza disko. Haukupita muda kabla ya vijana waliokuwa wakicheza kutaka kupiga wenyewe. Mwaka 1987 Peterson na Eddie Piller walianzisha lebo ya Acid Jazz, na jina la lebo likawa jina la mtindo mzima.

Jina hilo lilianza kama mzaha. Wakati huo Uingereza ilikuwa imeshikwa na homa ya acid house, muziki wa mashine uliotoka Chicago, na ma-DJ wa jazi wakaona wawatanie wenzao kwa kubandika neno hilo hilo kwenye muziki wao. Kwa hiyo si busara kutafuta katika asidi jazi ufafanuzi wa kitaalamu. Msomaji aliyekulia kwenye majina kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz hatashangaa: neno jazi limezoea kusafiri na kutua kwenye muziki wa dansi wa kila aina. Huko London lilitua kwa Brand New Heavies, Galliano, James Taylor Quartet, na Incognito ya mpiga gita Jean-Paul Maunick, mzaliwa wa Mauritius anayefahamika zaidi kama Bluey.

Pembeni mwa kundi hilo alikuwepo kijana mmoja mwembamba aliyependa makofia makubwa. Jason Cheetham, ambaye dunia inamjua kama Jay Kay, alizaliwa Stretford, karibu na Manchester, tarehe 30 Desemba 1969. Mama yake, Karen Kay, alikuwa mwimbaji wa kumbi za starehe na hodari wa kuigiza sauti za watu mashuhuri. Mtoto alikua nyuma ya jukwaa, akihamahama na mama. Alipofika umri wa miaka 15 hivi aliondoka nyumbani, na kwa miaka kadhaa aliishi London bila makazi ya kudumu, akiponea kwenye wizi mdogo mdogo na biashara za mitaani, kama alivyowasimulia waandishi wa habari mara nyingi baadaye. Alichomwa kisu. Alikamatwa pia kwa kosa ambalo anasema hakulitenda. Baada ya hapo alirudi kwa mama, Ealing, magharibi mwa London, akaanza kurekodi nyimbo za majaribio.

Aliwahi kujaribu bahati ya kuwa mwimbaji wa Brand New Heavies, nao hawakumchukua. Pengine walimfanyia hisani. Mtu mwenye nyimbo zimemjaa kichwani kiasi kile asingetosheka kuimba za wengine, na alipokosa bendi ya kujiunga nayo aliunda yake. Jina alilitunga kwa kuunganisha neno la wanamuziki la kupiga pamoja bila mpango, jam, na jina la Iroquois, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Nembo aliichora mwenyewe: kivuli cha mtu aliyesimama miguu imepanuka kidogo, kichwani ana kofia yenye pembe mbili. Ndiyo inayotawala kasha la albamu, na imeonekana kwenye makasha na mabango ya bendi tangu hapo.

Jay Kay hakuwa mpiga ala. Nyimbo zilimjia kama sauti, na njia yake ya kuzifikisha kwa wenzake ilikuwa ya mdomo: anaimba mstari wa besi, anaimba wanachotakiwa kupuliza wenye tarumbeta, kisha anasubiri wapigaji wautafute kwenye vyombo vyao. Namna hiyo ya utunzi ina athari inayosikika. Karibu kila chombo katika albamu hii kinapiga kitu kinachoweza kuimbwa, hata besi.

Aliyeyageuza makelele hayo ya koo kuwa nyimbo zenye nguzo na paa ni Toby Smith, mpiga kinanda aliyetunga naye sehemu kubwa ya albamu. Chombo chake kikuu ni piano ya umeme aina ya Fender Rhodes, ambayo mwaka 1993 wengi waliihesabu kuwa kitu cha stoo. Ndani ya Rhodes hamna nyuzi. Kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo inagonga kijiti chembamba cha chuma, na kidaka sauti chenye sumaku kilicho mbele ya kijiti kinageuza mtikisiko kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Mguso wa upole unatoa mlio wa kengele iliyo mbali. Pigo la nguvu linaufanya mlio huo ukorome. Smith anautumia uwezo huo wote. Katika nyimbo za polepole anamwaga kodi pana, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kuziacha zielee, na katika za kasi anadokoa vinoti vifupi katikati ya ngoma, kama mtu anayechomekea neno kwenye mazungumzo ya wakubwa.

Besi ilikuwa mikononi mwa Stuart Zender, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 20 albamu ilipotoka, na aliyejifundisha mwenyewe. Katika fanki kazi ya kwanza ya besi ni kushika noti ya mwanzo wa mpigo, ile ambayo James Brown aliwafokea wapigaji wake kwa ajili yake. Zender anaishika, kisha katika nafasi iliyobaki kabla ya mpigo unaofuata anatembea: anapanda, anateleza, anarudi nyumbani kwa wakati. Atakayeisikiliza albamu nzima kwa kufuata besi peke yake hatakuwa amepoteza muda. Ngoma zilipigwa na Nick van Gelder, ambaye mapigo yake ni makavu na yamebana, bila madoido, na bila shaka ndiyo yaliyompa Zender ruhusa ya kuzurura. Tarumbeta, saksafoni na tromboni zilipulizwa na John Thirkell, Gary Barnacle na Richard Edwards. Thirkell na Barnacle walikuwa wazoefu waliokwisha kufanya kazi na Level 42, kwa hiyo kizazi cha zamani cha fanki ya Kiingereza kilikuwemo studioni pamoja na kipya.

Chombo kilichozungumzwa kuliko vyote ni dijeridu ya Wallis Buchanan. Asili yake ni kwa wenyeji wa kaskazini mwa Australia, na Wayolngu wa Arnhem Land huiita yidaki. Haichongwi hivi hivi. Mtafutaji huingia msituni akigonga magogo ya mkaratusi, akisikiliza ni lipi limeliwa na mchwa kutoka ndani likabaki tundu. Hulikata, hulimenya magome, hulisafisha, kisha hupaka nta ya nyuki mdomoni ili midomo ya mpulizaji ikae vizuri. Dijeridu hutoa noti moja nzito isiyokatika, kwa sababu mpulizaji huweka akiba ya hewa mashavuni na kuisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua. Juu ya noti hiyo yeye huchora kwa ulimi na koo: milio ya ndege, mikoromo, midundo.

Kuweka jina la wenyeji wa Amerika na ala ya wenyeji wa Australia kwenye bendi ya vijana wa London lilikuwa tendo la heshima kwa nia yake. Wenyeji hao walitajwa kama watu waliojua kuishi na ardhi bila kuiharibu. Lakini mataifa mawili yaliyotenganishwa na bahari kuu yalichanganywa yakawa alama moja ya "maumbile", na wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1993 ni wachache waliolalamika. Bendi ikianza na mchanganyiko huo leo, maswali yatatangulia muziki.

Wimbo wa kwanza kutoka ulikuwa When You Gonna Learn?, uliotolewa na Acid Jazz Oktoba 1992. Miezi minne nyuma, viongozi wa dunia walikuwa wamekutana Rio de Janeiro kwenye mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, na maneno kama ongezeko la joto na ukataji wa misitu yalikuwa yameingia kwenye magazeti ya kila siku. Singo hiyo ilikuja wakati mwafaka. Kampuni kubwa zikaanza kubisha hodi, na Sony ikamsainisha Jay Kay mkataba wa albamu 8. Kwa msanii mwenye singo moja sokoni, hilo lilikuwa dau la ajabu. Kelele zilizofuata kwenye vyombo vya habari ziliwakera baadhi ya watu wa asidi jazi, walioona bidhaa ya uani kwao inapakiwa kwenye lori la tajiri.

Machi 1993 ikatoka Too Young to Die, iliyofika nafasi ya 10, ikafuatwa na Blow Your Mind iliyofika ya 12. Albamu ilipoingia madukani katikati ya Juni, wateja walikuwa wanaisubiri. Inafaa kukumbuka ilishindana na nini. Wiki chache kabla, kileleni mwa chati hiyo hiyo walikuwepo 2 Unlimited wa Uholanzi, waliokuwa na tekno ya mashine tupu, mapigo yaliyonyooka kama rula. Sasa wakaingia watu wenye fidla na tromboni, na wakauza.

CD inafunguliwa na When You Gonna Learn?. Kwanza dijeridu peke yake, noti ile moja ya gogo, kama injini ya boti inayosikika kabla boti haijaonekana. Kisha ngoma, besi na fidla zinaingia, na kile kilichokuwa mlio wa msitu kinageuka kuwa msingi wa dansi. Maneno yanailaumu tamaa ya fedha inayokula maumbile, na lawama inasemwa kwa sauti ya mtu aliyekasirika bila kupoteza mpigo. Ni ufunguzi hodari. Anayetaka kujua Jamiroquai ya miaka ile ilikuwa nini, dakika chache hizo zinatosha.

Too Young to Die unafuata. Vita vya Ghuba vilikuwa vimepita miaka 2 tu na Bosnia ilikuwa inaungua, na wimbo unasema habari za watu wanaokufa kwa ajili ya mahesabu ya wanasiasa. Jambo la kushangaza ni mahali uliko moyo wake. Sehemu inayobaki kichwani haina maneno kabisa: Jay Kay anaimba silabi tupu, kwa namna ya waimbaji wa jazi wanaoigeuza sauti kuwa tarumbeta, na fidla zinamfuata. Mhubiri anaishiwa maneno, na hapo ndipo anapoeleweka zaidi. Katika albamu wimbo huu unazidi dakika 6, na waliosikia toleo fupi la redioni tu wamekosa nusu ya pili, ambapo bendi inaachiwa uwanja.

Hooked Up na If I Like It, I Do It ni nyimbo za mwendo mwepesi zinazofanya kazi yake na kupita. Music of the Mind hauna maneno. Ni wimbo wa bendi kujinyoosha, na ndani yake Smith anaonyesha alivyosikiliza jazi ya umeme ya miaka ya 1970 kwa makini. Wimbo uliobeba jina la albamu una kasi ya disko, fidla zinapanda juu kabisa na tarumbeta zinajibu kwa ukali. Ulipotolewa kama singo uliishia nafasi ya 32, na si ajabu, kwani maneno yake yamepangwa kama hotuba na hayatafuniki kirahisi. Whatever It Is, I Just Can't Stop unaupokea kwa kasi hiyo hiyo.

Blow Your Mind ni mapumziko. Hakuna sayari wala serikali humo, ni mapenzi tu, juu ya mdundo wa taratibu ambao Zender anauvuta nyuma kidogo kwa makusudi, kama mtu anayetembea ufukweni jioni bila saa mkononi. Wimbo unapita dakika 8. Kiitikio kikishaisha, bendi inageuza njia na kuingia sehemu ya pili ya kupiga tu, kila mmoja akipewa nafasi bila kusukumwa. Kampuni kubwa kuruhusu dakika zote hizo katika albamu ya kwanza ya msanii mpya ni jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule, na kwa vigezo vya sasa vya kusikiliza sekunde 30 na kuruka, halifikiriki.

Revolution 1993 unakwenda zaidi ya dakika 10 na ndio mtihani wa albamu nzima. Unaita watu waamke na waungane, lakini hauonyeshi waungane dhidi ya nani hasa, wala wafanye nini kesho asubuhi. Wakosoaji waliokiona kitabu cha siasa cha Jay Kay kuwa chembamba walipata ushahidi wao hapa, na ni vigumu kuwapinga. Kama upigaji, hata hivyo, ni wa kiwango cha juu: mdundo mmoja unashikiliwa muda mrefu, unaongezwa tabaka moja moja, unavuliwa na kuvikwa tena. Baada ya moto huo Didgin' Out unafunga kwa gogo la Buchanan, dakika 2 na ushei, na albamu inaishia ilikoanzia.

Karibu kila aliyeiandikia uhakiki alimtaja Stevie Wonder. Ufanano wa sauti haukanushiki: namna ya kukunja noti mwishoni mwa mstari, kikohozi kidogo cha furaha kabla ya kiitikio, uchaguzi wa kodi. Wengine waliona wizi, hasa kwa kuwa mwimbaji alikuwa Mzungu katika mtindo ulioasisiwa na Wamarekani weusi. Mashtaka hayo yanapungua uzito mtu anapousikiliza upigaji. Nyimbo chache za Wonder zina besi inayozurura namna hii au dijeridu iliyokaa chini ya fidla, na bendi yenyewe ilikuwa ya watu wa rangi na asili tofauti, kama ulivyo mtaa wowote wa magharibi mwa London.

Shutuma iliyomwandama Jay Kay kwa muda mrefu zaidi haihusu muziki. Fedha zilipoanza kuingia alizipeleka kwenye magari, Ferrari na Lamborghini, akawa mmoja wa wakusanyaji wanaojulikana sana Uingereza. Mwaka 1996, albamu ya tatu, Travelling Without Moving, ilitoka na kasha lililoigiza beji ya Ferrari, yule mtu wa kofia ya pembe akiwa amesimama mahali pa farasi. Mtu wa mbiu ya sayari na mtu wa injini za silinda 12 walikuwa mtu mmoja, na magazeti hayakuchoka kulitaja hilo. Ndiyo albamu hiyo, kwa wimbo Virtual Insanity na video yake ya sakafu inayoonekana kusogea, iliyowafikisha Marekani. Ile ya kwanza haikutikisa huko.

Waliopiga Emergency on Planet Earth walitawanyika mmoja mmoja. Van Gelder alikuwa ameshaondoka kufikia albamu ya pili, The Return of the Space Cowboy ya 1994, na nafasi yake ikachukuliwa na Derrick McKenzie. Zender aliondoka mwaka 1998, albamu ya nne ikiwa katikati ya kurekodiwa, na sehemu za besi alizokuwa amekwisha kupiga zikatupwa. Dijeridu nayo ilitoweka kwenye muziki wa bendi baada ya miaka ya 1990. Smith alijitoa mwaka 2002 na akafariki Aprili 2017, akiwa na umri wa miaka 46. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Sony ilikuwa imeitoa upya albamu hii pamoja na mbili zilizoifuata, kwa kutimiza miaka 20, sauti ikiwa imesafishwa na rekodi za majaribio na za jukwaani zikiwa zimeongezwa.